Gari Unalolimiliki na Gari Unaloliota: Hesabu ya Barabara za Mautuma

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika mambo ya magari, Mautuma imewapinga. Kwenye wadi hii ya Lugari, kaunti ya Kakamega, mkulima akipata pesa za gari huchagua, tena huchagua sana. Gari hilo ndilo litakalotoa mahindi shambani, litakalowahisha maziwa kabla hayajaganda, na litakalomfikisha mgonjwa hospitalini usiku wa mvua.

Wapenzi wa magari wakikutana, maswali huwa mawili. Gari gani ulilowahi kumiliki limekukaa moyoni? Na ukipata pesa leo, ungenunua lipi? Kwa swali la kwanza, majina yasiyokosekana magharibi mwa Kenya ni Peugeot 504, Toyota Probox na pikapu ya Isuzu. Kwa la pili husikika Subaru, Prado na Land Cruiser. Watu hudhani orodha ya kwanza ni ya shida na ya pili ni ya starehe. Kiufundi, zote mbili zimefaulu mtihani mmoja, ule wa barabara ya udongo. Kinachozitenganisha ni gharama ya kulitunza gari baada ya kulinunua, na hiyo ndiyo hesabu ambayo wengi huiruka.

Mtahini ni barabara

Lugari ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi wazungu kabla ya kugawanywa katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Maboma yakasambaa kwenye vipande vya mashamba, mengi yakiwa mbali na lami. Barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Webuye na Malaba inapita Lugari, lakini ukiiacha unaingia kwenye changarawe, na ukiiacha changarawe unaingia kwenye njia ya trekta.

Njia hizo huliumiza gari kwa namna tatu. Kwanza kuna vijituta vidogo vinavyofuatana kwa karibu. Vijituta hivyo huisukuma shokomzoba juu na chini mara nyingi kwa sekunde moja. Mafuta yaliyo ndani yake hupata moto na kutoa povu, na shokomzoba yenye povu haizuii mtikisiko. Gurudumu huanza kurukaruka, bushi za mpira huchanika, na gari huyumba kwenye kona.

Pili ni tope la masika. Gari lenye tumbo la chini hulilalia, magurudumu yakazunguka bure. Tatu ni vumbi la kiangazi. Filta ya hewa ikiziba, injini hukosa pumzi na kula mafuta. Ikipasuka, vumbi huingia kwenye silinda na kuzikwaruza kama msasa, hadi gari linaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili.

Gari lolote linalopendwa hapa limepata namna ya kuyajibu maswali hayo matatu.

Kwa nini 504 haisahauliki

Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Sifa yake Afrika Mashariki, hata hivyo, ilijengwa kwenye vumbi. Mtangulizi wake, 404, alikuwa tayari ameshinda mashindano ya Safari mara kadhaa katika miaka ya 1960. Ove Andersson akaishinda Safari ya 1975 kwa 504, na Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978 kwa 504 ya injini ya V6. Magari ya aina hiyo yaliunganishwa hapa nchini kwa miaka mingi, kwa hiyo spea zilikuwepo na mafundi waliyajua kwa kuyashika.

Siri ya 504 ilikuwa springi ndefu na laini. Gurudumu liliweza kushuka shimoni na kupanda tena bila bodi kulifuata. Ile ya familia, yenye safu tatu za viti, iliwekewa nyuma ekseli nzima yenye springi nne, mbili kila upande, ili ibebe watu na mizigo bila kuchuchumaa. Ndiyo maana ikawa teksi ya safari ndefu kati ya Magharibi na Nairobi, na wazee wengi waliifahamu Nairobi kwa mara ya kwanza wakiwa ndani yake. Injini ilitumia kabureta ambayo fundi aliweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha chini ya mti kwa spana za kawaida.

Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 na magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa, 504 ilipata mshindani ambaye hakuwa imara kuishinda. Alikuwa na bei ndogo, mafuta kidogo na spea tele.

Probox: gari lisiloringa

Mshindani huyo ana uso mmoja maarufu kuliko yote. Toyota iliizindua Probox mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Huko Japani ilikusudiwa mafundi na wafanyabiashara wadogo, na ile ya mizigo imepimwa kubeba kilo 400. Hapa kwetu hubeba zaidi ya hizo, jambo ambalo springi na breki hazikuahidi kulivumilia.

Nguvu ya Probox iko katika undugu wake. Injini yake inayojulikana zaidi, 1NZ-FE ya 1496cc, ni ileile iliyo kwenye Fielder, Corolla NZE, na Premio ndogo za kizazi hicho. Fundi aliyejifunza moja amejifunza zote, na duka la spea linaloweka sehemu za moja linawahudumia wote. Injini hiyo hutumia cheni badala ya mkanda kuunganisha mizunguko yake. Oili ikibadilishwa kwa wakati, cheni hudumu miaka mingi bila kuguswa.

Tahadhari moja: Probox zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2014 nyingi zina gia za CVT. Gia hizo hutegemea mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na hazina meno ya kupanda na kushuka. Kwenye lami zinaokoa mafuta. Kwenye tope, dereva akikanyaga moto ili ajinasue, mafuta ya gia huchemka na mkanda huanza kuteleza. Mafuta yake nayo si yale ya gia za zamani. Ukimimina yasiyofaa, unanunua gia nyingine.

Mkulima mwenye ekari nyingi za mahindi huota kitu kingine kabisa. Pikapu ya Isuzu yenye springi za majani nyuma haibembelezi abiria, lakini ikijaa magunia hutulia. Kiwanda cha Nairobi kinachoziunganisha kilijulikana kwa miaka mingi kama General Motors, na tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Wengine ndoto yao ni Massey Ferguson 135, trekta ya injini ya Perkins ya silinda tatu iliyotoka katika miaka ya 1960. Nani atawacheka? Hiyo ndoto hurudisha pesa kila msimu wa kulima.

Subaru na mvuto wa vumbi

Upande wa ndoto, vijana wengi watataja Subaru. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliimaliza Safari kwa Subaru Vivio ndogo na kushinda kundi lake. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari nzima kwa Impreza. Safari iliporejea kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, watoto waliozaliwa baada ya ushindi huo walikuwa tayari wanaijua sauti ya injini hiyo.

Sauti hiyo ina maelezo. Katika injini ya Subaru, piston hulala kushoto na kulia badala ya kusimama. Uzito hukaa chini, na gari hushika kona vizuri. Magurudumu yote manne huvuta wakati wote, kwa hiyo tope la Mautuma halilitishi sana. Lakini mpangilio huohuo huficha plagi pembeni, mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Injini za zamani za familia ya EJ hutumia mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika barabarani, valvu hugongana na piston. Aina ya lita 2.5 isiyo na turbo inajulikana kwa gasketi za silinda zinazovuja.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi linahusu tairi. Ukiweka tairi mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma, magurudumu hayo huzunguka kwa kasi tofauti, na kifaa kinachogawa nguvu katikati hufanya kazi bila kupumzika mpaka kinaungua. Mwenye Subaru hununua tairi nne kwa pamoja.

Prado, Land Cruiser na bei ya heshima

Land Cruiser na Prado hupendwa kwa heshima zinayoipa familia kwenye harusi na matanga, lakini uwezo wake ni wa kweli. Bodi hukaa juu ya chesi ya chuma. Zina gia ya chini inayoongeza nguvu ya magurudumu huku gari likitambaa polepole, na hiyo ndiyo inayokutoa matopeni bila kuchoma klachi wala gia.

Udhaifu wa zile za dizeli za kisasa uko kwenye mafuta. Nozeli zake hupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia vitundu vidogo sana, na maji kidogo au mafuta ya taa yaliyochanganywa huziharibu. Mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kukomesha uchanganyaji huo. Mwenye Prado bado anapaswa kuchagua kituo chake cha mafuta kwa makini, na kubadilisha filta ya dizeli kabla haijamkumbusha.

Anayeota injini ya silinda nane ajue pia kwamba Land Cruiser 300, iliyotoka mwaka 2021, ina silinda sita. V8 ilibaki kwenye 200, na sheria inaifungia mlango taratibu.

Sheria huchora mipaka ya ndoto

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililopita miaka minane. Mwaka 2024 yaliruhusiwa yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2017. Mwaka 2025 yakawa ya kuanzia 2018. Kwa hiyo Land Cruiser 80 au Forester ya kwanza haiagizwi tena. Utaipata kwa Mkenya mwenzako, na hali yake itategemea jinsi alivyoitunza.

Kodi nayo ina mstari wake. Ushuru wa bidhaa hupanda injini inapozidi 1500cc, na hupanda tena petroli ikizidi 3000cc. Zile 1496cc za Probox ziko chini kidogo tu ya mstari wa kwanza. Hiyo ni sababu moja ya wingi wake.

Kabla ya kulipa

Ukishaichagua ndoto yako, iulize maswali manne. Je, fundi wa Turbo au Lumakanda ameshawahi kuifungua injini hii? Shokomzoba nne, tairi nne na huduma moja kamili ni pesa ngapi, na mahindi ya msimu mmoja yanatosha kuzilipa baada ya karo? Spea inapatikana Eldoret siku hiyohiyo, au inangojewa kutoka Nairobi? Na ukitaka kuliuza Januari, nani jirani atalinunua?

Ukikosa jibu moja, hujakatazwa kuota. Weka kwanza gari la kazi, uache ndoto iwe ya pili. Ukiyajibu yote, omba mwenye gari akuruhusu ulijaribu kwenye njia ya kwenu, baada ya mvua, likiwa limebeba uzito ambao litabeba kila wiki. Akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.