Moshi wa Utotoni na Uzazi wa Ukubwani

Kinyerezi, wilayani Ilala, kuna mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia. Hata hivyo, katika nyua nyingi za kata hiyo chakula bado huiva kwa mkaa, na takataka huchomwa kando ya nyumba. Dampo la Pugu Kinyamwezi nalo liko upande huohuo wa jiji. Wakazi wanajua kwamba moshi huleta kikohozi na pumu. Wengi hawajui kwamba moshi unaovutwa na mama mjamzito, au na mtoto mchanga, unaweza kuathiri uwezo wa mtoto huyo kupata watoto wake mwenyewe atakapokuwa mtu mzima.

Sababu imo katika namna viungo vya uzazi vinavyoumbwa. Mimba ya mtoto wa kike inapofika wiki 20 hivi, ovari zake huwa na chembe za mayai milioni 6 hadi 7. Anapozaliwa hubaki milioni 1 hadi 2, na anapobalehe hubaki takriban 300,000 hadi 400,000. Akiba hiyo hupungua tu. Kwa mtoto wa kiume, seli za Sertoli, ambazo hulea mbegu za uzazi ndani ya korodani, huongezeka hasa akiwa tumboni, akiwa mchanga na anapokaribia balehe. Idadi ya seli hizo ndiyo huweka kikomo cha mbegu atakazoweza kutengeneza ukubwani. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kwa muda wa siku 74 hivi, hivyo madhara ya moshi anaovuta sasa yanaweza kupungua akiuepuka. Hasara iliyotokea wakati viungo vinaumbwa ni vigumu kuifidia.

Moshi huwa na chembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo hupenya mapafu na kuingia katika damu. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Aberdeen na Hasselt walitangaza kwamba wamekuta chembe za masizi katika ini, mapafu na ubongo wa vijusi. Maabarani, kemikali za moshi ziitwazo hidrokaboni zenye pete nyingi zimeonekana kuua mayai ya panya. Kwa binadamu, tafiti kadhaa zimeonesha kuwa wana wa akina mama waliovuta sigara wakati wa ujauzito huwa na mbegu chache zaidi. Ushahidi kuhusu moshi wa jikoni na uzazi wa ukubwani bado ni mchanga, lakini njia ya madhara inaeleweka.

Dar es Salaam yenyewe ina vipimo. Kati ya mwaka 2011 na 2013, watafiti walipima hewa waliyoivuta wajawazito 239 jijini. Asilimia 87 ya vipimo vya chembe laini ilivuka mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Waliotumia mkaa walivuta hewa chafu zaidi, na waliopikia nje walivuta chembe chache zaidi. Kila chembe laini zilipoongezeka kwa maikrogramu 23 katika mita moja ya ujazo ya hewa, uzito wa mtoto aliyezaliwa ulipungua kwa wastani wa kilo 0.15, ingawa tokeo hilo lilikuwa ukingoni mwa uhakika wa kitakwimu. Mwaka 2021 Shirika hilo lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5.

Kwa hiyo mhudumu wa kliniki ya wajawazito anapaswa kumuuliza mama anapikia nini na wapi, kama anavyomuuliza kuhusu lishe. Kwa familia isiyomudu mtungi wa gesi, zipo hatua zisizo na gharama kubwa: kupikia nje au penye hewa ya kutosha, kutowasha mkaa kwa mifuko ya plastiki, kutochoma taka karibu na nyumba, na kutombeba mtoto mgongoni wakati wa kupika. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi huua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake.

Mama aliyepikia mkaa asijilaumu, kwani kuvuta moshi huongeza hatari tu, hakumaanishi kuwa mtoto atakuwa mgumba. Wenzi waliokaa mwaka mzima wakijaribu kupata mimba bila mafanikio, au miezi sita ikiwa mwanamke ana zaidi ya miaka 35, waende hospitali pamoja. Mara nyingi mke hulaumiwa kabla mume hajapimwa, ilhali viungo vya uzazi vya wote wawili viliumbwa tumboni na vilikabiliwa na hatari ileile.