Mwezi Unakimbia, Bahari Inabaki Nyuma

Je, wajua kwamba bahari haina mbio za kutosha kuufuata mwezi?

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mwezi huvuta maji, yakavimba chini yake, na uvimbe huo ukauandama mwezi unapozunguka. Isaac Newton alieleza mvuto huo mwaka 1687, na kuhusu mvuto wenyewe alisema kweli. Lakini waulize wakulima wa mwani wa Paje, Unguja. Mwezi unapoandama, unapita utosini pamoja na jua, adhuhuri. Maji hayajai saa hiyo. Siku hizo za bamvua hukupwa mno kwenye saa 4 asubuhi, akina mama wakashuka shambani, na hujaa kwenye saa 10 alasiri, mwezi ukiwa umeshainama magharibi.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Mfaransa Pierre-Simon Laplace. Mwaka 1775 na 1776 aliyaandika maji kupwa na kujaa kwa milinganyo mitatu. Miwili ya kwanza inaeleza kinachoyasukuma maji kwenda mashariki au magharibi, kaskazini au kusini: mvuto wa mwezi na jua, mteremko wa uso wa bahari, na mzunguko wa dunia, ambao huyapinda kulia upande wa kaskazini wa ikweta na kushoto upande wa kusini. Wa tatu ni daftari la maji: yakiingia mahali mengi kuliko yanayotoka, uso wa bahari hauna budi kupanda.

Ukiikokotoa milinganyo hiyo, unagundua kwamba maji kujaa ni wimbi refu, na mbio za wimbi hilo zinatawaliwa na kina. Zidisha kina kwa mita kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Penye kina cha mita 4,000 unapata mita 198 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa, sawa na ndege ndogo ya abiria yenye injini za jeti. Penye mita 40, wimbi hilohilo linakwenda kilomita 71 tu.

Sasa tazama mwezi. Mahali unapokuwa utosini huhama kwenye ikweta kwa takribani kilomita 1,600 kwa saa. Ili wimbi liende nao sambamba, bahari ingehitaji kina cha kilomita 20 hivi, na wastani wake haufiki hata 4. Basi wimbi huachwa nyuma, likagonga mabara, likarudi, likazunguka ndani ya bahari. Ndiyo maana kila bandari ina saa yake ya maji kujaa.

Kanuni hiyohiyo ya kina huendesha tsunami. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyozushwa na tetemeko la ardhi huko Sumatra yalifika Somalia baada ya saa 7 hivi, yakaua watu wasio na habari. Hesabu ya safari yao ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya karne mbili. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha pwani. Leo Bahari ya Hindi ina mfumo wa tahadhari unaoifanya hesabu hiyo mara tetemeko linapogunduliwa. Saa 7 zinatosha kijiji kizima kuhama ufukweni, mradi kimeambiwa.