Kigari cha Kupita Njia Zetu: Kingekuwaje?

Kuanzia mvua za Novemba hadi zile za mwisho za Aprili, usafiri katika Kata ya Litumbandyosi hubadilika sura. Lori hukwama kilimani likafunga njia, nauli ya gunia hupanda, na mgonjwa wa kitongoji cha mbali hupakiwa kwenye bodaboda, au hubebwa kwa machela mabegani mwa watu hadi mahali gari linapoweza kufika. Kila kifuku kinapoanza, swali lile lile hurudi vinywani mwa watu: hivi hakiwezi kupatikana kigari kidogo, cha bei nafuu, kinachozimudu njia hizi?

Makala haya yanalichukua swali hilo kwa uzito unaostahili. Halmashauri haikusudii kuunda magari. Hata hivyo, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoamua kununua chombo cha usafiri kisichoendana na njia zake hubaki na chombo kilichoegeshwa chini ya mwembe na marejesho yanayodaiwa kila mwezi. Mwenye picha kamili ya kigari kinachofaa huweza kukipima kile anachouziwa.

Tuanze na njia yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayopaswa kuchora kigari. Barabara ya udongo inayopitwa na malori huwa na mitaro miwili ya magurudumu na tuta katikati. Mvua inapoendelea, mitaro hushuka na tuta hubaki juu. Lori halisumbuliwi na hali hiyo, maana ndilo lililoichonga. Taabu humpata anayefuata nyuma yake. Pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ambayo wengine huiita toyo na wengine guta, hutembeza gurudumu la mbele juu ya tuta na mawili ya nyuma mitaroni au kandokando. Likiteleza lile moja la mbele, usukani haumtii tena dereva. Kwenye njia inayoinama upande mmoja, chombo cha magurudumu matatu hupinduka upesi kuliko cha manne, hasa mzigo ukiwa umepandishwa juu. Ndiyo sababu toyo inayofanya kazi vizuri sana kwenye lami ya Mbinga mjini inaweza kumfilisi mwenyewe huku vijijini.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Henry Ford alipotoa gari lake la Model T nchini Marekani mwaka 1908, barabara za vijijini huko zilikuwa za udongo uliochongwa na magurudumu ya mikokoteni. Gari hilo halikuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilikuwa jepesi, lenye magurudumu marefu na membamba na tumbo lililoinuliwa juu ya ardhi takriban sentimita 25. Umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ulikuwa inchi 56, yaani sentimita 142. Lakini katika majimbo ya kusini mikokoteni ilikuwa mipana zaidi, na gari la inchi 56 lilitembea gurudumu moja mtaroni, jingine tutani. Ford hakuwalaumu wakulima wa kusini kwa njia zao. Aliwatengenezea gari la inchi 60. Tungependa kila kikundi kitakachosoma makala haya kikumbuke jambo hilo kitakapokwenda kununua: chukua kamba, pima upana wa mitaro ya njia yako, kisha pima magurudumu ya chombo.

Chombo kilicho karibu zaidi na kigari tunachokiwazia tayari kinaonekana mitaani. Ni kile kipikapu cha Kijapani ambacho Watanzania wamekibandika jina la kirikuu, na ambacho mara nyingi ni Suzuki Carry. Kigari hiki kimezaliwa na sheria. Japani ina daraja maalumu la magari madogo yenye nafuu ya kodi, na tangu mwaka 1998 gari la daraja hilo halipaswi kuzidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya sentimita za ujazo 660. Uzito wake hukaribia kilo 700, wakati pikapu kubwa za safari za porini hukaribia au kuzidi tani mbili kabla ya kupakia chochote. Wepesi huo ni hazina kwenye tope. Gari jepesi huzama kidogo, na likikwama watu wanne hulisukuma likatoka. Pikapu ya tani mbili ikizama hadi kwenye ekseli huhitaji trekta, na trekta lenyewe liko mbali.

Mzigo uliokusudiwa kwa daraja hilo huko Japani ni kilo 350. Hapo ndipo wengi hukosea. Gunia la mahindi la kilo 100 likiwa halali ni moja, na likiwa lumbesa hakuna ajuaye uzito wake. Magunia matatu na nusu ndiyo haki ya kirikuu. Kila mmoja wetu amekiona kimebeba nane, pua imeelekea mbinguni, magurudumu ya mbele yakigusa ardhi kwa heshima tu. Kigari cha namna hiyo kikivunjika springi mlimani, lawama haziendi kiwandani.

Basi kigari chetu cha kuwazia kingetofautianaje na kirikuu? Kwanza kingeinuka zaidi. Kipimo rahisi ni shubiri: kati ya sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari na ardhi, shubiri ya mtu mzima isimame wima. Magurudumu yangekuwa marefu kidogo na membamba, yakate tope laini na kuifikia ardhi ngumu iliyo chini yake.

Je, ni lazima magurudumu yote manne yavute? Wauzaji watasema ndiyo. Sisi tunasita. Mfumo huo huongeza uzito, unywaji wa mafuta na idadi ya vyuma vinavyoweza kuharibika. Mara nyingi kinacholikwamisha gari dogo ni difu. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili yanayovuta yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona, lakini kwenye tope hugeuka kuwa adui: gurudumu lililo kwenye utelezi huzunguka kama feni, na lile lililo pakavu husimama tuli. Kifungo cha difu huyalazimisha yote mawili kuzunguka pamoja, na baadhi ya vipikapu vya Kijapani vya daraja hili hutoka kiwandani vikiwa nacho. Kifungo hicho, pamoja na mzigo wa kiasi uliokaa juu ya magurudumu ya nyuma yanayovuta, hupandisha gari sehemu nyingi zinazodhaniwa kuhitaji nguvu kubwa. Dereva anayepakia mawe mawili matatu kabla ya kupanda mlima akiwa mtupu anaijua kanuni hii, hata kama hajasoma fizikia.

Kupanda ni nusu ya safari, na kwa kweli ni ile nusu iliyo salama. Kigari cha milimani kinahitaji gia fupi ya kushukia ili injini isaidie breki. Tabia ya kushuka kwa fri ili kuokoa mafuta ni hatari kubwa, kwani breki hubaki peke yake na gari lililobeba shehena, zikapata moto na kukataa kazi.

Swali linalofuata ni nani akitengeneze. Nchi yetu imewahi kujaribu. Shirika la Nyumbu lilianzishwa Kibaha mwaka 1985 likiwa chini ya wizara ya ulinzi, na lilibuni lori la Kitanzania. Ubunifu haukukosekana, lakini lori hilo halikufikia hatua ya kuzalishwa kwa wingi kwa ajili ya soko. Nchini Kenya, Mwingereza Joel Jackson alianzisha kampuni ya Mobius mwaka 2009 kwa wazo linalofanana kabisa na hili letu: gari gumu la vijijini, lenye fremu ya mabomba ya chuma, lililoinuliwa juu, linalovutwa na magurudumu mawili tu. Gari la kwanza lilikuwa na vitu vichache mno. Hata vioo vya madirisha halikuwa navyo. Bei iliyotangazwa ilikuwa chini kidogo ya shilingi milioni moja za Kenya. Toleo lililofuata lilianzia takriban milioni 1.3, na matoleo ya baadaye yalizidi kupanda. Mwezi Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufunga shughuli zake, kisha ikapata mmiliki mwingine.

Kwa maoni yetu, magari hayo hayakushindwa na makorongo. Kiwanda kinachotoa magari machache hulipia kila chuma kwa bei ya juu, na mnunuzi hulinganisha bei hiyo na gari lililotumika Japani, lenye vioo, ambalo vipuri vyake vipo kila duka. Kwa hiyo injini, gia boksi na difu si vitu vya kuwaza kuunda hapa. Kinachowezekana hapa ni bodi na tela: fundi wa kuchomelea mwenye mabomba ya chuma anaweza kutengeneza fremu ya turubai, viti vya kukunja na vishikizo vya machela.

Machela hayo tunayataja kwa makusudi. Sehemu ya mizigo ya kirikuu ina urefu unaokaribia mita 1.9, hivyo mtu mzima anaweza kulazwa akanyooka. Juu ya bodaboda mama mwenye uchungu hukaa wima katikati ya dereva na ndugu yake, na kila shimo analisikia. Kwa dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, upo mfumo wa m-mama: piga 115 bila malipo, na mhudumu hutafuta gari la wagonjwa au, lisipopatikana, dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mfumo, si na familia. Kikundi chenye kigari kinachopita njia za kitongoji chake wakati wa mvua kina sababu ya kumwona Mtendaji wa Kata au mganga mfawidhi wa zahanati na kuulizia usajili huo.

Kabla ya kusaini mkataba wa ununuzi, nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Alale chini ya gari atazame springi, shokapu na mivujo ya mafuta kwenye difu. Kijaribuni kigari kikiwa na mzigo, kwenye mlima wenu wenyewe ikiwezekana, kupanda na kushuka. Ulizeni bei ya klachi na ya ekseli katika maduka ya Mbinga, na iwapo zinapatikana siku hiyo hiyo au huagizwa kutoka Songea au Dar es Salaam. Kadi ya gari ihakikiwe katika ofisi ya TRA, na mabadiliko yoyote ya bodi yakaguliwe na askari wa usalama barabarani kabla chombo hakijaanza kubeba watu. Majibu ya maswali hayo yaandikwe katika andiko la mradi, pamoja na kile kipimo cha kamba.