'CALL IN' ILIVYONINYIMA KAZI KIWANDANI

MWENZENU nimezaliwa Kirumba, nimekulia Kirumba, na sijawahi kuumbuka kama nilivyoumbuka mwaka 2022 kwa sababu ya vineno viwili tu vya Kiingereza. Leo najianika mwenyewe. Chekeni, lakini mkimaliza mjikague, maana nawajua nyie mnaotema ung'eng'e vijiweni, kumbe na nyie mngechemsha vilevile.

Ilikuwa hivi. Niliomba kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa jijini, jina naliweka kapuni. Kazi yenyewe ni ukarani wa mizani, kupima mzigo na kujaza daftari, lakini kwa kijana wa kidato cha nne aliyekuwa akibeba magunia ya dagaa Mwaloni, hiyo ni ofisi kabisa! Bi mkubwa, ambaye naye anauza dagaa hapo hapo Mwaloni, alikwishatoa hela ya viatu vyeusi vya mtumba. Siku mbili baadaye meseji ikaingia: "Please call in at our office on Thursday, 8 a.m."

Mimi nikaona "call". Nani asiyejua "call"? Si kupiga simu! Hiyo "in" nikaiona pambo tu. Nikanunua vocha. Alhamisi saa mbili kamili asubuhi (kwenye saa sikukosea, najua nane yao ni mbili yetu) nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, sijui hata nilivivaa vya nini, nikaanza kupiga. Inaita, haipokelewi. Saa tatu inaita. Saa nne inaita. Saa sita kasoro akapokea dada mmoja, akanijibu kwa Kiswahili safi: "Kaka, mbona wenzako wamekuja na wameshamaliza? Wewe uko wapi?"

Niko kitandani, dada.

Kumbe "call in" ni kufika mahali, kupitia pale kuonana na watu. Mshikaji wangu tuliyeomba pamoja naye alikuwa haijui, ila yeye alimwuliza dada yake anayesoma chuo. Mpaka leo anapima sangara, na jioni akipita kijiweni ananinunulia soda. Inauma, bwana.

Bi mkubwa hakunigombeza. Alivitia vile viatu kwenye mfuko, akautundika msumarini, basi. Afadhali angenigombeza.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, mzee aliyefundisha Kiingereza miaka nenda rudi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nasikia ulivaa viatu ukapiga simu?"

Habari zilishafika! Nikamlalamikia kwamba lugha ya watu hawa ina hila. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, nikikuambia piga mswaki, utauchapa fimbo? Mgeni akishafundishwa kwamba kupiga ni kuchapa, halafu akasikia tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga magoti, unadhani analala?"

Nikanyamaza. Sikuwahi kuwaza hivyo.

Akanieleza kwamba sisi tunageuza maana kwa kukiwekea kitenzi mkia: kunja, kunjua, hama, hamia, kimbia, kimbilia. Mwingereza kitenzi anakiacha kilivyo, halafu anakitundikia kijineno nyuma, mara "in", mara "off", mara "up", mara "out". Kijineno kikibadilika, maana inahama mtaa. "Look" ni kutazama, lakini "look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, "look into" ni kuchunguza, na "look down on" ni kudharau. Mimi "look after" ningeapa kwamba ni kutazama baadaye.

Tena akanipa nafuu kidogo. Anasema Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi maarufu ya mwaka 1755, alikiri mwenyewe kwenye utangulizi wake kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko vyote. Yaani aibu yangu ilitabiriwa miaka zaidi ya 260 kabla!

Ila na sisi tuna letu. Shule ya msingi ya serikali tunasoma kwa Kiswahili, sekondari tunatumbukizwa kwenye Kiingereza, basi tunakariri maneno mazito ili mwalimu atupe maksi. "Postpone" naijua. "Tolerate" naijua. "Extinguish" naijua mpaka spelingi. Maneno hayo asili yake ni Kilatini na Kifaransa. Wanormani wakitokea Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa, wasomi na makasisi Kilatini. Wananchi wa kawaida wakabaki na vineno vyao vifupi, ndivyo hivi hivi: "put off" badala ya "postpone", "put up with" badala ya "tolerate", "put out" badala ya "extinguish". Kwenye mtihani unatamba, kwenye meseji unazama.

Na usivichanganye. Ukisikia mechi ya Kirumba imekuwa "put off", imesogezwa, tunza tiketi yako. Ikiwa "called off", imefutwa.

Cha kuchekesha, tunavyo vingi mdomoni kila siku na hatujui. Pikapu inayobeba samaki ni "pick up", kuokota. Chipsi za teki awei ni "take away". Bondia akilala chini ni nokauti. Na mekapu je? "Make up" ni kujipodoa, lakini pia ni kupatana baada ya kununiana, na pia ni kutunga uongo. Kwa hiyo ukimtumia mpenzi wako "let us make up" halafu akakujibu kwamba wanja umemwishia, usimlaumu. Naye akikuahidi mkutane ufukweni, ukamsubiri mpaka mbu wakakuchoka, hiyo wanasema amekuwa "stood you up", ingawa wewe ulikuwa umekaa kwenye jiwe muda wote.

Mwaka huu nimeomba tena, kiwanda kingine. Juzi meseji imeingia: "Drop off two passport photos at the gate by Friday." "Drop" ni kudondosha, "off" ni kuzima. Mimi wa zamani ningeidondosha simu, ikizimika nikahesabu nimetimiza masharti. Safari hii sikujibu kitu, nikakimbia kwa mwalimu kwanza.

Jana nimevishusha viatu msumarini. Bi mkubwa aliniona, akauliza kama leo natembea au napiga simu. Nimezipeleka picha zangu mbili getini kwa miguu, mlinzi kazipokea, kasema nisubiri meseji nyingine.