Kuku na Dindo Hawalali Banda Moja

Uvira, mashariki mwa Kongo, ni mji uliobanwa. Huku ziwa Tanganyika, huku milima ya Mitumba, na katikati nyumba zimesongamana kutoka Kavimvira hadi bandari ya Kalundu. Kwenye parseli za namna hiyo ng'ombe hana pa kusimama. Kuku anapo. Mchana anachakura uani, jioni anaingizwa jikoni au chini ya kitanda, na siku mtoto akifukuzwa shule kwa kukosa ada, yeye ndiye anayefungwa miguu kupelekwa sokoni.

Siku hizi wapo wanaotaka kumwongezea mwenzake: batamzinga, ambaye Wakongo humwita dindo kwa kufuata Kifaransa. Kwa macho ya mfugaji, dindo ni kuku mkubwa tu, mwenye nyama nyingi na bei nzuri sikukuu ya Noeli ikikaribia. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Dindo asili yake ni Mexico, na Wahispania ndio waliompeleka Ulaya katika karne ya 16. Mayai yake huanguliwa kwa siku 28, ya kuku siku 21. Vifaranga wake ni wazito wa kujifunza: wanaweza kufa njaa chakula kikiwa mbele yao, na mvua moja ya usiku inatosha kuwamaliza. Wafugaji wengine humlaza kuku kwenye mayai ya dindo ili awe mama wa kambo. Ujanja huo una bei yake.

Tumboni mwa kuku huishi mnyoo mdogo, na ndani ya mayai ya mnyoo huo hujificha kijidudu kinachoshambulia ini. Kuku wengi hukibeba bila kuonyesha dalili. Dindo akikiokota kwenye udongo uleule, mabawa yanalegea, kinyesi kinageuka manjano kama kiberiti, na siku chache baadaye anakufa. Mayai ya mnyoo hukaa ardhini miaka, kwa hiyo kufagia hakusaidii kitu. Hata Marekani, inayofuga dindo kwa mamilioni, dawa ya mwisho iliyoruhusiwa kukinga ugonjwa huu iliondolewa sokoni mwishoni mwa 2015.

Kuku naye ana adui wake, mdondo. Shingo inapinda, kinyesi kinakuwa kijani, na boma zima linaweza kwisha ndani ya wiki. Dawa ya kuuponya haipo, ipo chanjo. Ile iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia na kutengenezwa pia Tanzania, ni tone moja tu jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na huvumilia joto kuliko chanjo nyingine. Kwa mji ambao umeme ni wa kubahatisha, hilo si jambo dogo. Lakini kumchanja kuku aliyekwisha kuugua ni kupoteza tone. Na kuku mgeni, awe wa sokoni au wa zawadi, akae peke yake wiki mbili kwanza.

Kuhusu chakula, ziwa lenyewe linasaidia: mabaki ya ndagala ni protini tosha. Uvuvi ukifungwa, kama nchi nne za ziwa hili zilivyokubaliana kufanya kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mchwa wa kichuguu na pumba za mahindi huziba pengo.

Banda nalo liinuliwe juu ya miti. Waliokuwa kando ya mto Mulongwe usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020, mafuriko yalipobeba watu na nyumba, hawahitaji kuelezwa sababu.

Mwenye parseli moja tu aanze na mitetea minne na jogoo mmoja, awachanje wote, na dindo amsubirishe mpaka apate kiwanja kingine ambacho kuku hawajawahi kukichakura.