Abiria ni Amana: Wasia kwa Kijana Aendaye Kuendesha Teksi Unguja

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu hapa Malampaka alikuja kutuaga. Alivaa kanzu safi, na leseni yake mpya ya udereva ameitia katika mfuko wa kifuani, kila mara akiigusa kama mtu achelea isije ikaruka. Mjomba wake aliyeko Unguja amemwita akaendeshe teksi. Akatuamkia, akaketi mkekani, akasema, "Maalim, nimekuja kutaka dua na wasia."

Dua tulimwombea pale pale. Wasia ulitushinda siku ile, kwa sababu ndani yake mna kisa, na ndani ya kisa mna aibu yetu wenyewe. Sasa tumeona tuuandike hapa, aupate yeye na waupate vijana wengine waendao miji mikubwa kutafuta riziki ya usukani, pamoja na wazazi wanaowapa nauli ya kuondokea.

Kwetu Malampaka kumshusha abiria si jambo la kufikiriwa. Reli itokayo Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, yapita hapa kwetu, na mtu akishuka stesheni huonekana na kila mtu. Akija kwa basi, kabla hajapokea mzigo wake mtoto mmoja amekwisha kimbia kupeleka habari nyumbani. Mkokoteni wa ng'ombe humfikisha mgeni mlangoni, na pikipiki ikipenda humfikisha hata jikoni. Basi kijana wetu akidhani kwamba kazi ya dereva ni kushika usukani na kukanyaga mafuta tu, hatumlaumu. Walakin aendako ni Mji Mkongwe wa Unguja, na huko motokaa ina mwisho wake, na mwisho wa motokaa si mwisho wa safari.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Februari mwaka 2018 tulikwenda Unguja kwa shughuli ya ndoa. Binti wa marehemu kaka yetu alikuwa anaolewa huko, na kwa kuwa baba yake na babu yake wamekwisha tangulia mbele ya haki, wala hana ndugu wa kiume, uwalii ulituangukia sisi ami yake. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri, katika msikiti mmoja upande wa Soko Muhogo. Tulikuwa pamoja na dada yetu mkubwa, shangazi wa bibi arusi, ambaye magoti yake yamekuwa yakimsumbua kwa miaka mingi.

Tulishuka katika boti bandarini Malindi yapata saa nane mchana, tukakodi motokaa. Dereva tulimwambia, "Soko Muhogo." Akajibu, "Napajua," akatutia garini. Hakuuliza neno jingine, wala sisi hatukumwambia jingine. Muda si mrefu akasimama Darajani, mkabala wa soko, akashusha mizigo yetu upesi upesi kwa sababu nyuma yake magari yalikuwa yakipiga honi, akatuonyesha kichochoro kwa kidole. "Ingieni hapa, nendeni moja kwa moja, si mbali." Akachukua nauli yake kamili akaenda zake.

Ewe msomaji usiyeufika Mji Mkongwe, fahamu kwamba huko hakuna njia iendayo moja kwa moja. Tulikwenda hatua chache, kichochoro kikagawanyika. Tukamwuliza mtoto, akatuambia tupite kulia kisha kushoto. Tukamwuliza mwenye duka, naye akatuambia kushoto kisha kulia. Mlango mmoja wa nakshi tuliupita mara tatu. Dada yetu alikuwa akiketi kwenye kila baraza aionayo, na kila akiinuka alikuwa mzito kuliko kwanza. Simu yetu ilikuwa imekwisha chaji tangu baharini. Adhana ya alasiri ilitukuta mbele ya msikiti tusioujua, tukasali humo, tukatoka tukapotea tena. Mwisho tuliona mwanga mbele yetu, tukafurahi, kumbe ni bahari! Tumetokea Mizingani, karibu na ule mti mkubwa unaojulikana na kila mtu. Tumeukata mji upande mpaka upande, na msikiti tumeuacha mbali nyuma yetu.

Chini ya mti ule palikuwa na mzee mmoja amekaa kando ya teksi yake. Alipotuona alisimama, akatoa salamu, akampisha dada yetu mahali pake pa kukaa. Akauliza, "Shekhe wangu, mbona mmechoka hivi?" Tukamweleza. Hakusema "Twendeni." Aliuliza kwanza: msikiti gani, nyumba ya nani, na nani anayetungojea. Akatupa simu yake tukampigia mwenyeji wetu, kisha akazungumza naye mwenyewe. Halafu akasema, "Gari langu halifiki mlangoni, nakwambieni mapema. Forodhani leo pamejaa wageni wa tamasha. Nitazunguka nitokee upande wa Vuga, nikushusheni mahali ambapo bi mkubwa atatembea hatua chache tu."

Akafanya kama alivyosema. Alipofika alisogea kando kabisa, asizibe mdomo wa kichochoro. Akamshusha dada yetu kwa mlango wa kushoto, upande wa ukuta, mbali na magari yapitayo. Akaihesabu mizigo kwa sauti. Akamwita hamali mwenye mkokoteni, akapatana naye ujira mbele yetu. Kisha akasimama. Hakuondoka mpaka ndugu wa bwana arusi alipotokea kichochoroni, akampa mkono, akamwambia, "Hawa hapa wageni wako." Tulitaka kumwongeza fedha, akakataa. Alisema, "Nauli yangu nimekwisha pata. Abiria hashuki garini, shekhe. Abiria hushuka mikononi mwa mwenyeji wake."

Ndoa ilifungwa baada ya sala ya isha. Wazee waliotoka shamba walikuwa wamekwisha ondoka kuwahi magari yao. Bibi arusi alikuwa amelia hata macho yamevimba, maana aliambiwa kwamba walii wake ameshuka bandarini tangu mchana na hajulikani alipo. Tulipoingia kumpa mkono alisema, "Ami, nilidhani nimepata msiba siku ya arusi yangu." Neno hilo halijatutoka moyoni hata leo. Na dada yetu alikaa siku mbili hawezi kuukanyaga mguu wake.

Sasa tuseme kweli. Dereva wa kwanza hakutuibia, wala hakutudanganya kwa makusudi. Alitufikisha mjini, na kwa hesabu yake kazi imekwisha. Na sisi tulikuwa na makosa yetu: hatukumwuliza mwenyeji wetu kabla ni wapi hasa tushushwe, wala hatukuitunza simu. Hiyo ndiyo aibu tuliyoitaja. Lakini makosa ya abiria hayamwondolei dereva haki iliyo juu yake, kwani abiria ni mgeni, na dereva ndiye ajuaye.

Yafaa kijana wetu aelewe kwa nini mji ule uko hivyo. Mji Mkongwe ulijengwa kabla ya motokaa kuwako duniani. Nyumba za mawe na chokaa zilitangulia, njia zikafuata pale palipobaki nafasi, nazo zilitosha watu, punda na hamali. Wembamba wake una faida, maana kuta ndefu hutupa kivuli mchana kutwa. Zamani mji huo ulitengwa na Ng'ambo kwa mkono wa bahari, na daraja la kuuvukia ndilo lililopaacha jina la Darajani. Mkono ule ulifukiwa baadaye, pakawa barabara kubwa, na soko la pale ni la tangu mwaka 1904. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hivyo hakuna wa kubomoa nyumba ili teksi ipite. Tena wageni ni wengi, na huzidi siku za matamasha, kama lile la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 na lile la filamu lililoanza mwaka 1998. Watu husongamana Ngome Kongwe na Forodhani, na dereva asiyejua njia ya kuzunguka hukwama pale na abiria wake.

Wala si Unguja peke yake. Lamu, iliyoingizwa katika orodha hiyo mwaka 2001, ina punda mitaani badala ya motokaa. Msafiri wa basi huishia Mokowe bara, akavuka kwa mashua. Fez katika nchi ya Moroko ina mji wa kale ambamo magari hayaingii, na mizigo hubebwa na nyumbu na punda hata leo. Katika miji yote ya namna hii dereva mwema hutambulika kwa jambo moja: ajua mahali gari lake linapokoma, na ajua nini kinafuata baada ya hapo.

Ujuzi huo ni ilimu, na ilimu hutafutwa. Madereva wa teksi nyeusi za London, tangu mwaka 1865, hutahiniwa njia za mji wao kwa kichwa. Mwanafunzi hujifunza mitaa ipatayo 25,000 pamoja na misikiti, makanisa, hospitali na masoko yake, na wengi huchukua miaka mitatu au minne wakizunguka kwa pikipiki kabla ya kufaulu. Mwaka 2000 wataalamu wa huko walitangaza kwamba walipima bongo za madereva hao wakaona sehemu moja inayohusika na kukumbuka mahali imekua kuliko ya watu wengine. Kijana aliyehifadhi juzuu kadhaa mkekani kwetu asituambie kwamba hawezi kuhifadhi vichochoro vya Malindi, Kiponda, Hurumzi, Mkunazini na Shangani.

Atasema, "Maalim, siku hizi iko ramani katika simu." Ni kweli, na itumike. Lakini ramani hiyo hutegemea mawimbi yatokayo kwenye satelaiti angani, na katikati ya kuta ndefu mawimbi hugonga ukuta na kupotoka, hata simu ikakuweka mtaa wa pili. Tena ramani haijui kwamba bibi huyu ana magoti mabovu. Jambo hilo lajulikana kwa macho na kwa kuuliza.

Basi wasia wetu kwake ni huu.

Kwanza, uliza kabla ya kutia gari moto: mtaa gani, msikiti gani ulio karibu, nyumba ya nani, nani anangoja. Kuuliza si ujinga, na jibu la "Napajua" limewapoteza wengi.

Pili, mwambie abiria mapema gari litakomea wapi na atatembea kiasi gani, na mpatane nauli kabla ya kuondoka.

Tatu, chagua ukingo wa mji ulio karibu na aendako, si ulio karibu na ulipo wewe. Kuzunguka kwa dakika kumi ni kwepesi kwako, kupotea kwa saa mbili ni kuzito kwake.

Nne, shusha watu upande wa kushoto, penye ukuta, hasa watoto na wazee. Usizibe mdomo wa kichochoro, maana ndiyo njia ya hamali, ya mgonjwa achukuliwaye hospitali na ya jeneza.

Tano, hesabu mizigo pamoja na mwenyewe, na usiondoke mpaka umwone mwenyeji wake, au umkabidhi kwa mtu mwaminifu ajuaye njia.

Na nyinyi wenyeji mliooza au kuoa mijini, mna sehemu yenu. Mgeni ni kuku mweupe, hajifichi, na hajui pa kujificha. Mkimwita, mwambieni wazi ashukie wapi, na mtume mtoto akamngojee pale kabla hajafika. Nanyi wasafiri, andikeni jina la mwenyeji na namba yake ya simu katika karatasi, kwani karatasi haiishi chaji.

Mtume wetu (S.A.W.) aliwafundisha masahaba zake kuipa njia haki yake, na katika haki hizo alitaja kuzuia udhia na kuitika salamu, na katika mafundisho yake kuondoa kinachodhuru njiani ni tawi la imani. Twaona kwamba dereva anayemwacha mzee njia panda ameuweka udhia njiani, na yule aliyetukuta Mizingani aliuondoa. Wote wawili walipokea nauli, lakini mmoja tu ndiye tunayemtaja katika dua zetu, ingawa jina lake hatukuliuliza.

Mwanetu, ukifika Unguja, siku ya kwanza usitafute abiria. Acha motokaa kwa mjomba wako, uingie Mji Mkongwe kwa miguu yako tangu asubuhi mpaka jioni. Potea, uulize, upotee tena, mpaka ujue mzee mwenye mizigo miwili huona nini akiachwa Darajani peke yake. Na ukipita Mizingani, utazame chini ya ule mti. Ukimkuta mzee amekaa kando ya teksi yake, mfikishie salamu za maalim wa Malampaka na dada yake, umwambie kwamba bibi arusi yule sasa ana watoto wawili, alhamdulillahi.