Uundaji wa Nadharia Tete Inayopimika: Mfano wa /l/ na /r/ katika Uandishi wa Wanafunzi Wilayani Igunga

Nadharia tete ni kauli ya awali inayobashiri uhusiano baina ya mambo mawili au zaidi, nayo husubiri kuungwa mkono au kukanushwa na data. Katika tasnifu kadhaa, sehemu hii huandikwa kwa kutimiza utaratibu tu, hivyo hubeba kauli ambayo hakuna data inayoweza kuipinga. Makala hii inafafanua namna ya kuepuka kasoro hiyo kwa kutumia mfano wa wilaya ya Igunga, mkoani Tabora.

Miongoni mwa wakazi wa Igunga wamo Wanyamwezi na Wasukuma, ambao lugha zao ni za Kibantu na zinakaribiana sana, pamoja na Wataturu, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Kinyamwezi na Kisukuma zina fonimu /l/ lakini hazina /r/. Kiswahili kina fonimu zote mbili, na tofauti yake hubadili maana: kalamu si karamu, kula si kura, mahali si mahari. Mwanafunzi anayeandika "balua" badala ya "barua" hukosolewa, na lawama huweza kuelekezwa kwenye lugha ya nyumbani kwao. Je, lawama hiyo ni ya haki?

Mtafiti anaweza kuanza na kauli hii: "Lugha mama huathiri Kiswahili cha wanafunzi." Kauli hii haitaji lugha ipi, haitaji athari ipi, wala haisemi wanafunzi hao wanalinganishwa na nani. Kosa lolote litahesabiwa kuwa ushahidi wake, na hata kukosekana kwa kosa kutaelezwa kuwa ni athari chanya. Mwaka 1934, mwanafalsafa Karl Popper alitoa hoja kwamba kauli ya kisayansi hutambulika kwa uwezekano wake wa kukanushwa. Kwa kipimo hicho, kauli iliyotajwa haijawa nadharia tete.

Kauli hiyo inaweza kuundwa upya: "Wanafunzi wa kidato cha pili ambao lugha yao ya kwanza ni Kinyamwezi au Kisukuma huandika l mahali pa r mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa darasa hilohilo ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili." Hapa kigeu huru ni lugha ya kwanza, kigeu tegemezi ni idadi ya makosa hayo katika imla moja iliyosomwa kwa wote. Nadharia tete kanushi husema kwamba hakuna tofauti baina ya makundi hayo mawili.

Hata tofauti ikipatikana, chanzo chake bado hakijajulikana. Huenda ni kukosekana kwa /r/ katika lugha ya kwanza. Huenda pia ni uchache wa mazoea ya Kiswahili nyumbani. Wataturu husaidia kutenganisha maelezo hayo, kwa kuwa lugha yao ina /l/ na /r/. Ikiwa chanzo ni mfumo wa sauti, wanafunzi wa Kitaturu watafanya makosa machache. Ikiwa chanzo ni mazoea, watakosea kama wenzao. Sharti ni mtafiti aorodheshe lugha zote ambazo kila mwanafunzi alijifunza kabla ya shule, kwani Mtaturu aliyekua akizungumza Kisukuma hawezi kutumika katika ulinganisho huo.

Kinyamwezi chenyewe kina mfano wa kauli iliyo wazi kiasi hiki. Mwaka 1903, Carl Meinhof aliipa kanuni moja ya sauti jina la mmisionari Edmund Dahl. Kwa ufupi, silabi mbili zinazofuatana zikianza na vipasuo visivyo ghuna, cha kwanza huwa ghuna. Ndiyo maana mzizi wa "tatu" huwa -datu. Katika mzizi wa "tano", /t/ hubaki, kwa sababu konsonanti inayofuata ni ghuna. Kanuni inataja mahali inapofanya kazi na mahali isipofanya. Kwa hiyo yeyote anaweza kuijaribu.

Hivyo basi, kabla ya kwenda uwandani, mtafiti hana budi kuandika matokeo ambayo yatamlazimu kuiacha nadharia tete yake. Nadharia tete ikikataliwa, utafiti haujashindwa. Huko Igunga, kukataliwa huko kungemwonyesha mwalimu kwamba dawa ya "balua" ni usomaji zaidi wa Kiswahili, si kumkataza mtoto lugha ya nyumbani kwao.